Sauti ya Maganga Mlangoni

Juzi ulipomwigiza yule fundi wa mlango, mwanangu, mie nilinyamaza, nawe ukadhani nimefurahi. Fundi wa watu kaja na msaidizi wake kutuwekea mlango mpya, kainama anaulenga kwenye bawaba, akamwambia mwenzake, "Talatibu, talatibu, usilazimishe." Basi wewe mbio uani kwa dada zako: "Talatibu! Talatibu!" Mkacheka mpaka mkashikana mabega. Fundi alisikia. Mlango wenyewe ulikuwa bado haujakaa, sauti zenu zingezuiwa na nini?

Sikukukaripia. Si kwa upole, maana upole mie sina, mama yako anajua. Nilinyamaza kwa sababu neno lile lilinikuta sijajiandaa. Miaka mingi sijalisikia likisemwa namna ile, kwa sauti nzito, kwa kuvuta. Ghafla sikuwa tena hapa Mtoni kwenye kiti changu. Nilikuwa Keko, ndani ya shimo, kijana mwenye shingo nyembamba, macho yamejaa unga wa mbao.

Sasa sogeza hicho kigoda ukae. Wewe ni mjukuu, lakini leo nakuita mwanangu, kwa kuwa ninachokwambia niliambiwa na mjomba wangu, na yeye alinena kwa ukali. Mie nitakupa nusu ya ukali ule, nusu nyingine nakusamehe.

Siku hizo Mwingereza bado yupo. Keko upande mmoja nyumba, upande mwingine mikorosho na vichaka. Palikuwa na karakana ya mbao ya tajiri mmoja wa Kihindi, na magogo makubwa yalipasuliwa kwa mikono. Linachimbwa shimo refu, gogo linalazwa juu yake, mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anashuka chini, na msumeno mrefu unapita katikati yao, huyu avute, yule avute, kutwa nzima. Mtu wa juu ndiye anayeuona mstari. Wa chini haoni kitu, anakula unga wa mbao tu. Mjomba Kondo, ndugu yake mama, alikuwa akitengeneza vitanda hapohapo, ndiye aliyeniombea kazi. Nyapara akanitazama juu mpaka chini, akanyoosha kidole kwenye shimo.

Juu ya gogo alikuwapo Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mzima mwenye mke na mtoto mchanga. Sauti yake niliijua kabla sijaijua vizuri sura yake, maana kule chini ukiinua uso unajaza macho. Unafuata sauti. Akisema vuta, unavuta. Akisema legeza, unalegeza. Na mie nilipokuwa na papara, kama vijana wote, alikuwa akiniambia, "Talatibu, Mzalamo. Talatibu. Mti haukimbii."

Karakana ile ilikuwa na watu wa kila upande. Mmakonde aliyenoa misumeno alikuwa akiomba "nsumeno". Wangoni walikuwapo, Wahehe, na Mchaga mmoja wa kupiga randa ambaye akikasirika hata sie wa pwani tulikuwa tunamwomba aanze upya. Ukifumba macho mchana wakati wa chakula, ulimjua kila mtu alikaa wapi na katokea wapi. Wala hakuna aliyeona haya. Kiswahili tulikuwa nacho wote, kila mtu na mdomo wake.

Ila mie na Maganga tulikuwa na jambo letu. Nyie wa leo mkisikia utani mnadhani ni kuchekana tu. Khaa! Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zake walikuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani, babu zetu wakiwazuia njiani wakidai kitu ndipo wapite. Wakagombana, wakapigana, mwisho wakapatana wakala pamoja. Tangu hapo ikawa Mnyamwezi akimwona Mzaramo anamtukana kwa raha zake, na Mzaramo anajibu, na hakuna anayenuna. Tulikuwa tunaanza asubuhi kabla ya jua kukaza.

"Mzalamo, umelala huko chini? Au unangoja nazi ikudondokee?"

"Nakusikiliza wewe mpagazi. Bado tu hujaambiwa utue mzigo?"

Mchana, watu wakila, mie nilikuwa napanda juu ya gogo. Naweka mikono nyuma kama yeye, natoa tumbo ambalo sina, nakohoa kidogo, nasema, "Talatibu, Mzalamo. Talatibu." Karakana nzima inavunjika mbavu. Na aliyekuwa akicheka kuwapita wote ni Maganga mwenyewe, anajipiga mapaja, machozi yanamtoka. Tena alikuwa akinisahihisha! "Hapana, hapo umehalakisha. Vuta kidogo. Mie natolea puani." Nami narudia mpaka akubali. Siku moja alinishika bega akaniambia, "Jifunze vizuli, Mzalamo. Siku yenyewe sitakuwepo kukusahihisha." Nikacheka. Sikuelewa alichosema, na wala sikuuliza, kijana gani anauliza?

Sasa alikuwapo kijana mwingine anaitwa Chande, mzaliwa wa mjini, suruali imenyooka, nywele kazipasua njia. Kazi yake kupaka vitanda vanishi. Chande kwao hawana utani na Wanyamwezi, lakini kaona sie tunafurahi, naye akataka lake. Siku hiyo Maganga anapita kabeba ubao, Chande akamfuata nyuma kwa mwendo wa mtu aliyelemewa, "Kalibu bwana, habali ya Tabola!" Aliigiza vizuri, usidhani hakuweza. Baadhi ya watu walicheka.

Maganga akaushusha ubao. Akageuka, na uso wake mie sikuwa nimewahi kuuona hivyo.

"Wewe nani wangu?" akamwuliza.

Chande akatabasamu. "Si mchezo tu, mzee? Mbona huyu anakuigiza kila siku?"

"Huyu atanizika. Wewe utanizika?" 

Chande akacheka tena, akatutazama sie ili tucheke naye. Hakuna aliyecheka. Maganga akaubeba ubao wake akaenda zake. Mie nikabaki na lile neno, atanizika, alivyolisema kwa ulimi wake mzito, nikaliona neno kubwa mno kwa ajili ya mchezo wa kupanda juu ya gogo.

Ikaja masika. Mwaka ule mvua haikujua kupumzika. Shimo lilijaa maji, tunayachota asubuhi kwa debe ndipo nishuke. Maganga akaanza kukohoa juu ya gogo, kisha akawa anasimama kushika ubavu, mie chini namtania: "Mpagazi, leo mzigo umekushinda?" Naye anajibu, ila kwa sauti fupi. Mwisho hakuja kazini. Kichomi kilimbana, wakampeleka hospitali, na habari tuliyopewa karakanani ilikuwa ya kwenda kuchukua maiti.

Mjomba Kondo hakungoja kuitwa. Alikusanya Wazaramo wote anaowajua kuanzia Keko mpaka huku Mtoni, wakashika majembe wakachimba kaburi, maana hiyo ni kazi ya mtani, si ya mfiwa. Maganga alikuwa Mkristo, mwana misheni, na sie Waislamu. Hakuna aliyeliuliza hilo. Jeneza lilipotoka nyumbani, mjomba wangu, mtu mzima na mvi zake, akasimama katikati ya njia akainyoosha mikono.

"Simamisheni! Mnyamwezi gani huyu anabebwa? Maisha yake yote kabeba mizigo ya watu, leo kajifanya bwana mkubwa! Mshusheni atembee!"

Katekista akakunja uso. Lakini Wanyamwezi waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yakiwatoka, wakambembeleza, wakampa kuku, ndipo akapisha njia. Tulipofika makaburini akaingia kaburini akajilaza, akapiga kelele kuwa wachimbaji wamepunja, miguu ya Maganga haitatosha. Wakamtoa kwa kumvuta. Ukiwa mgeni ungesema watu hawa hawana adabu. Lakini waliobeba udongo kwa mikono yao, waliosimama na mvua mpaka mwisho, ni haohao.

Chande sikumwona. Simlaumu sana. Hakuwahi kuambiwa kuwa kuna kazi.

Tatizo halikuwa Maganga, maana Maganga tulishamsitiri. Tatizo lilikuwa Nyamizi, mkewe. Tangu hospitali hakulia. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, anatazama mlango. Chakula anasogezewa, anakitazama, kinapoa. Wanawake wenzake walimsemesha kwa Kinyamwezi, wakamsemesha kwa Kiswahili, wapi. Na yule mtoto bado ananyonya. Maziwa yakaanza kukauka, mtoto akawa analia mpaka sauti inakatika, wanampa uji wa kijiko anautema. Bibi mmoja alitoka nje akatwambia wanaume waziwazi, "Huyu mama asiporudi, na mtoto tutamzika."

Siku ya kuanua matanga, jioni, mjomba Kondo akanijia na kitu kwapani. Lilikuwa koti la kaki la Maganga, lile la kazini, lilikuwa bado limetundikwa kwenye msumari karakanani. Unga wa mbao umelijaa mabegani.

"Vaa," akasema.

Nilijua anataka nini. Mtani huvaa nguo za marehemu akamwigiza mbele ya wafiwa, hiyo nilishaiona kwa wazee. Lakini ni kazi ya wazee. Nikamwambia, "Mjomba, siwezi. Nitamtonesha yule mama. Mwigize wewe."

Mwanangu, mjomba wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinisogelea akasema polepole, "Mie sauti yake naijua? Mie nilivuta msumeno naye? Ulipokuwa juu ya gogo watu wanakushangilia, hukuona kuwa unafundishwa kazi? Uliona ni ngoma yako. Sasa mwenyewe kafa, kazi imefika, unatafuta pa kujificha. Basi wewe na Chande mna tofauti gani?"

Nilivaa lile koti. Lilikuwa pana, linanuka mninga na jasho lake.

Sasa, kila jioni tukitoka kazini njia yangu ilikuwa inapita kwa Maganga, kwa hiyo nilikuwa nikisikia anavyoingia kwake. Alikuwa anasimama mlangoni, anagonga nguzo kwa kiganja, anamwuliza mkewe neno lilelile. Basi nikaenda nikasimama mlangoni. Nikaweka mikono nyuma. Nikatoa tumbo. Nikakohoa kidogo. Nikagonga nguzo.

"Nyamizi! Leo kuna ugali, au kuna habali tu?"

Ilitoka, mwanangu. Ilitoka kama alivyonifundisha, kwa kuvuta, puani. Mpaka mie mwenyewe nywele zilisimama. Wanawake wote mle ndani wakageuka, mmoja akaziba mdomo. Nyamizi akainua uso. Alinitazama muda mrefu, mie nimesimama, nadhani sasa nimeua mtu.

"Kanawe kwanza," akasema. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajasema siku nyingi. "Huo unga wa mbao usiniletee ndani."

Nikajua ndivyo alivyokuwa akimjibu. Nikajikaza. "Maji yenyewe yako wapi? Au na maji yamebaki habali tu?"

Akanyakua kata iliyokuwa kando ya mtungi akanirushia. Ilinipata ugokoni, alama nilikaa nayo. Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka, akacheka, na katikati ya kicheko kikatoka kilio. Kilio chenyewe kilikuwa kimemkaa kifuani tangu hospitali. Alimlilia mumewe kwa jina lake, kwa lugha yao, kwa nguvu zake zote, wanawake wakamshika. Alipotulia akasema, "Nipeni mtoto." Kisha akasema, "Na huo ugali." Akala mbele yetu, tonge kwa tonge, mtoto yuko kwenye titi.

Mie nilitoka nje nikachuchumaa nyuma ya nyumba na lile koti, nikalia kama mtoto. Nilimpenda yule mtu. Nilikuwa sijui kuwa nampenda, nilidhani tunataniana tu. Mjomba Kondo akanikuta pale, akanimiminia maji mikononi.

Nyamizi alikaa Keko mpaka mtoto akapata nguvu, halafu ndugu zake wakaja wakamchukua kwa treni kurudi Tabora. Tulimsindikiza stesheni, Wazaramo na Wanyamwezi, tukitukanana njia nzima. Treni ilipoanza kwenda akachungulia dirishani akanipigia kelele, "Mzalamo, usilale!" Sikumwona tena.

Na karakanani, siku niliyorudi, Chande alinifuata, "Hebu tufanyie Maganga kidogo." Nikamwambia sina. Nikashuka shimoni. Juu ya gogo walimweka mtu mwingine, mtu mwema tu, ila ilinichukua muda kumfuata.

Sikumwuliza yule fundi wa juzi kama ni wa ukoo wa Maganga. Tabora ni kubwa, na mie sitafuti miujiza. Lakini nilipokusikia uani unacheka, nilimwona Chande na suruali yake iliyonyooka, na nikaona aibu kuwa yuko nyumbani kwangu.

Sasa nakupa la kushika, mwanangu, na usikilize vizuri maana sirudii. Sikukatazi kumtania mtu kwa namna anavyosema. Mie nani nikukataze? Kila mtu ana mdomo wa kwao, na kuupenda huo mdomo mpaka ukauweza ni jambo jema. Ninachokukataza ni kuigiza na kukimbia. Kabla hujamwigiza mtu, jiulize kama uko tayari kumchimbia kaburi na kusimama na mvua mpaka mwisho. Kama hauko tayari, sauti yake mwachie mwenyewe. Na kama uko tayari, mwigize mbele ya uso wake, si uani, akusahihishe.

Kesho fundi anarudi kumalizia kitasa. Utatoka mapema umpokee, umwamkie vizuri, umpe maji kabla hajaomba, umwulize kwao. Akisema Tabora, mwambie, "Sie hapa ni Wazaramo." Utaona! Atakutukana kabla hajatua mfuko wake wa vifaa. Mjibu. Usimwonee haya. Na siku akifiwa, au mkewe akiugua, unakwenda, hata kama una lako.

Halafu umlete hapa kwenye kiti changu. Umlete na siku nyingine, na nyingine. Nataka asikie ninavyokohoa, ninavyomwita bibi yako, ninavyogombana na redio. Ajifunze vizuri. Siku yenyewe nami sitakuwepo kumsahihisha.

Mungu akuweke, mwanangu, akupe umri na riziki ya halali, akujaalie watu wa kukutania ungali hai na wa kukubeba ukilala, na watakaobaki wapate wa kuwachekesha mpaka walie. Amina. Haya, kanawe tule.